Bi Digidigi na Mkanda wa Chui

— Nivute?
— Vuta, tupo.
— Nikivuta sana?
— Tutapiga kelele.
— Nikilegeza?
— Tutasinzia.

Haya, basi msisinzie, maana ngano yenyewe si ya kumlaza mtu. Aliyenisimulia alikuwa na uchungu wake, nami nawapa ilivyo, sina sukari ya kuongeza. Wewe uliyekumbatia magoti, yaachie. Bado hatujafika pa kujikunyata.

Hapo kale, kwenye bonde moja la miamba na vichaka vya miiba, Chui alikuwa na ngoma. Wengine walikuwa na pembe, wengine mbio, wengine mashimo ya kujifichia. Chui alikuwa na meno na kucha na mbio, na juu ya hayo yote akawa na ngoma.

Kila jioni ngoma ilipashwa moto mpaka ngozi ikakaza, kisha Chui akaigonga mara moja. Ti. Basi, hakuhitaji zaidi. Ikilia ti, kila mwenye pumzi bondeni alibeba alichonacho akampelekea: mayai, asali, panya, samaki wa kijitoni. Aliyekosa cha kupeleka alijipeleka mwenyewe, na hakurudi.

Chui akala, akalala. Akaamka, akagonga ti, akala, akalala.

Sasa nyie mnadhani kibaya ni ile ti. Wala. Kibaya kilikuwa kabla yake. Tangu alasiri bonde zima lilianza kukaza. Kanga alikaza shingo. Nguchiro alisimama kwa miguu ya nyuma, akakaza macho. Ngiri alikaza mkia ukasimama wima, na hadi leo ukimkurupusha utauona uko juu, haujui kushuka. Akina mama waliwabana watoto vifuani hadi watoto wakakosa hewa. Hakuna aliyepiga chafya. Halafu, ti, na kila mtu akashusha pumzi, akabeba mzigo wake akaenda. Mmeyaona mambo hayo? Kunyang'anywa kulikuwa ndiko kupumzika.

Fundi wa ngoma hiyo alikuwa Bwana Digidigi. Mnamjua digidigi, kale kaswala kadogo kenye miguu kama vijiti, kasikotembea ila na mwenzake. Huyu naye alikuwa na mwenzake, Bi Digidigi, na mtoto wao mmoja aliyeitwa Tuli. Jina hilo mama yake alimpa kwa kuomba tu, maana utulivu wenyewe hakuwahi kuuona.

Kazi ya ngoma ilikuwa na mila yake. Mwenye ngoma haruhusiwi kuiona ngozi ikiwa mbichi. Walisema ngozi mbichi iko uchi, na mwenyewe akiiona katika hali hiyo, ngoma itamdharau na haitamlilia. Kwa hiyo kazi ilifanywa nyuma ya miamba, na Chui aliletewa ngoma iliyokwisha kauka, imekaza, tayari kwa kugonga. Alijua kugonga. Kitu laini kinageukaje kuwa kigumu, hakujua na hakuuliza.

Masika moja mvua ikapiga, chwa chwa chwa, na unyevu ukaingia kwenye ngozi. Bwana Digidigi akaipasha moto, akaipasha tena. Jioni Chui akagonga: bu. Akagonga mara ya pili: bu. Akamtazama Bwana Digidigi kuanzia shingoni hadi mkiani.

"Ngozi hii imechoka," akasema. "Yako haijachoka."

Nitalisema wazi na mnisamehe: aliyeiwamba ngozi ya Bwana Digidigi ni mkewe. Nani mwingine aliyeijua kazi? Aliiloweka, ikawa laini kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Akaivuta juu ya mzinga wa ngoma, akapigilia vigingi pembeni, ko ko ko. Akaianika. Jua likaikausha, na kadiri ilivyokauka ndivyo ilivyojivuta yenyewe, krii, krii, hadi ikawa ngumu. Chui akagonga. Ti. Haijawahi kusikika sauti safi kama ile. Chui akafurahi, akasema marehemu alikuwa na ngozi njema.

Tangu siku hiyo Bi Digidigi ndiye aliyeipasha moto kila alasiri. Kabla hajaipeleka aliiwekea shavu. Alimchukia Chui. Aliichukia na sauti ile. Na bado kutwa nzima aliingoja, kwa sababu ndiyo sauti pekee ya mumewe aliyobakiwa nayo. Moyo wake ulivutwa huku, ukavutwa kule, na haukuwa na pa kuegemea. Mistari myeusi mnayoiona chini ya macho ya digidigi ilianza hapo.

Siku zikaenda. Tuli akakua, akafika mabega ya mama yake. Mawingu ya masika mengine yakaanza kukusanyika juu ya miamba, na Bi Digidigi akaona jinsi Chui anavyomwangalia mtoto. Alimwangalia kama mtu anayepima nguo dukani. Hata akamwambia mama bila haya kwamba ngozi ya mtoto ina sauti nyembamba, inayofika mbali, na kwamba mvua ikiiharibu hii, basi wakati wa Tuli umefika.

Mama akaenda kwa majirani. Akaenda kwa Ngiri, mwenye pembe za kutosha, akamwomba waungane. Ngiri akasikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia ajikaze. Akaenda kwa Kanga, mwenye ukoo mkubwa kuliko wote bondeni. Kanga akalia naye kidogo, kisha akamwambia ajikaze. Akaenda kwa Nguchiro, ambaye hata nyoka hamwogopi. Nguchiro akachungulia nje kwanza, akashusha sauti, akamwambia, jikaze, mama, wewe si wa kwanza.

Bi Digidigi akarudi kwake njia nzima akilia. Sikilizeni, na nyie mkikua mtaambiwa neno hilo. Ukifiwa, jikaze. Ukipigwa, jikaze. Utadhani tumeumbwa kwa kamba. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, njoo ukae hapa, legea kidogo, sisi tutashika.

Mvua ikaja. Chwa chwa chwa, mchana na usiku. Ikakatika jioni moja, na Chui akaomba ngoma yake. Bi Digidigi alikuwa ameipasha mpaka nywele za mikono yake zikaungua. Chui akagonga.

Bu.

Bonde zima likasikia. Chui hakukasirika hata. Akasema kesho jua likitoka, mtoto aletwe.

Mama hakufumba macho. Aliibandua ngozi ya mumewe kutoka kwenye mzinga, akaitia majini, akakaa nayo mapajani. Akaiomba radhi. Akaiambia, mume wangu, ulikuwa unatangulia mbele yangu kwenye kila kichaka, na sasa nakuomba utangulie tena. Kisha akachukua kisu, akaanza kuikata kwa kuzungusha, kutoka ukingoni kuelekea katikati, kwaru, kwaru, kwaru, hadi ngozi yote ikawa mkanda mmoja mwembamba, mrefu, usio na kiungo. Alipomaliza hapakuwa tena na pa kuweka shavu.

Asubuhi jua likatoka kali, lile jua la baada ya mvua linalotoa mvuke ardhini. Bi Digidigi akamficha Tuli kwenye kichaka, akauweka mkanda ndani ya kibuyu cha maji, akaenda kwa Chui.

Chui alikuwa amelala kwenye mwamba wake, na tumbo lake limelala kando yake. Nimesema alikula na kulala, akala na kulala. Hakuwinda tena. Mbavu zilikuwa zimezama, ngozi ya shingo inaning'inia. Juzi yake alikuwa amejaribu kuurukia mti wake, tumbo likakwama kwenye panda, na Ngedere akaona. Ngedere hakucheka kwa sauti. Lakini Chui alimwona akiuma midomo, na tangu hapo usingizi wake haukuwa mzuri.

"Shikamoo, mzee," Bi Digidigi akasema.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Anakuja. Nimetangulia kwa ajili ya tumbo lako."

Chui akainua kichwa. "Nani anayelisema tumbo langu?"

"Hakuna anayelisema, mzee. Wanaliangalia tu."

Hapo akawa amempata. Chui hakuogopa kuchukiwa, hilo alilizoea. Aliogopa kuangaliwa na kukatiwa tamaa. Bi Digidigi akakaa chini kwa adabu, akamuuliza ngozi ikilegea juu ya ngoma, nani huikaza. Chui akasema, wewe. Bi Digidigi akasema basi hata hiyo aliyoivaa mzee mwenyewe imelegea, na kazi ni ile ile, na kwa kuwa leo anawamba moja, anaweza kuwamba mbili. Jioni mzee atakuwa na ngoma mpya na kiuno kipya.

Chui alipenda kitu kimoja. Vitu viwili alivipenda zaidi.

"Itauma?" akauliza.

"Mila inakukataza kuona ngozi mbichi. Kushika haijakukataza. Fumba macho ushike mwenyewe."

Chui akafumba macho, akanyoosha mkono. Bi Digidigi akauchovya kwenye kibuyu. Chui akapapasa, akakuta kitu laini, baridi, kinachoteleza kama utumbo wa samaki. Akatabasamu. Akasema kitu laini namna hii hakiwezi kumuumiza hata kinda la njiwa.

"Ngoma hupimwa mzinga ukiwa na umbo lake kamili," mama akasema. "Kula kwanza, mzee. Kula ushibe."

Ushauri mwingine wowote Chui angeujadili. Huu hakuujadili. Akala mabaki ya jana yote, akala na akiba ya kesho, hadi akashindwa kukaa. Akasimama, akafumba macho kama mila inavyotaka, na Bi Digidigi akaanza kumzungushia. Akazungusha tumboni, akazungusha mbavuni, akazungusha kifuani, akarudi tumboni. Kila mzunguko aliushonea kwenye mwenzake kwa kano, ule ushonaji wa fundi usio na pa kuanzia kufungua. Chui akauliza mbona hasikii kitu. Mama akamwambia ndiyo kwanza kazi inaanza, apande juu ya mwamba, alale juani, asifumbue macho hadi ngozi ikauke, la sivyo mila imevunjwa na kiuno hakitakuja.

Chui akalala juani. Mwamba chini ulikuwa wa moto, jua juu lilikuwa la moto. Bi Digidigi akakaa kando yake, mikono mapajani.

Krii.

"Bi Digidigi."

"Naam, mzee."

"Inashika."

"Ndiyo kazi yake."

Krii, krii.

"Bi Digidigi, inabana."

"Ngoma nayo hubanwa, mzee, na hujawahi kuisikia ikilalamika."

Chui akaona aibu kushindwa na ngoma. Jua likapanda. Krii, krii, krii. Kile chakula chote tumboni hakikuwa na pa kwenda. Akafumbua macho, mila au si mila, akaona mkanda umezama kwenye manyoya yake, umegeuka mgumu, una rangi ya asali. Akatia ukucha chini yake, ukucha haukuingia. Akataka kuuma, shingo haikufika. Akajitupa huku na huku juu ya mwamba.

"Bi Digidigi," akasema kwa sauti ndogo kabisa. "Pumzi."

Mama akamwinamia sikioni. "Jikaze, mzee," akamwambia.

Hakufurahi kulisema. Mwenyewe alidhani atafurahi. Alikuwa ameliweka neno hilo mdomoni usiku kucha, na lilipotoka halikuwa na ladha yoyote.

Alasiri ikafika. Bonde likaanza kukaza, kama kawaida yake. Kanga shingo, Nguchiro macho, Ngiri mkia. Wakangoja ti. Ti haikuja. Wakangoja. Jua likashuka, haikuja. Mwishowe Ngiri akasema wasije wakaonekana wamegoma, na wote wakabeba mizigo yao wakaenda bila kuitwa.

Walimkuta Chui juu ya mwamba, macho yamemtoka, mdomo wazi, hana sauti. Alikuwa bado hai. Aliwatazama mmoja mmoja, na aliyetazamwa akainamisha kichwa. Hakuna aliyesogea kumsaidia, na hakuna aliyesogea kummaliza. Waliweka vyakula vyao mbele yake kwa foleni, mayai hapa, asali pale, wakarudi nyumbani kinyumenyume. Chui akafa hivyo, akiangalia asali.

Kesho yake wakaja tena, wakaweka mayai mbele ya maiti. Keshokutwa yake wakaja tena. Bi Digidigi alisimama mbele ya njia, akawaambia Chui amekufa, nendeni. Wakamwuliza nani amesema waache.

Mnacheka? Haya, chekeni. Mimi nilipoisikia sikucheka.

Akawafukuza kwa mawe madogo, wakaenda. Mngedhani sasa bonde litapumua. Halikupumua. Kila alasiri miili ilikaza yenyewe, na jioni hapakuwa na ti ya kuilegeza. Zamani walikaza, wakapigwa, wakaachia. Sasa walikaza, wakakaza, hadi asubuhi wakaamka wamekaza. Kanga akaanza kuyakanyaga mayai yake mwenyewe. Nguchiro akamng'ata mkewe kwa sababu alikohoa. Watoto wakawa hawachezi, wamekaa tu wamekodoa macho upande wa mwamba. Wakaja kwa Bi Digidigi, wakamwomba agonge kitu, chochote, ili wajue imekwisha.

Akakataa. Akawaambia hajapoteza alichopoteza ili agonge ngoma.

Lakini na Tuli alikuwa halali. Mtoto aliyezaliwa na ile sauti, akanyonya na ile sauti, alilala chali amekauka kama ubao, masikio yamesimama. Mama akamwimbia. Akamkanda miguu. Akamwambia Chui hayupo, mwanangu, hakuna anayekuja. Tuli akasema, najua, mama. Akaendelea kungoja. Akaacha kula. Mbavu zikahesabika. Mama akaona kwamba mtoto aliyemwokoa kwenye kisu atamfia mkononi kwa kungoja.

Basi akaenda kwenye mwamba, akaichuna ngozi ya Chui, akaiwamba. Hiyo hakuiwekea shavu. Jioni akaipasha moto, akagonga mara moja.

Ti.

Tuli akashtuka mwili mzima, kisha akalegea, akalala hapo hapo. Bonde zima likalala. Bi Digidigi akamfunika mtoto, akalia kwa furaha, na kwa kitu kingine ambacho hakukipa jina.

Asubuhi alikuta yai moja kando ya ngoma. Kesho yake mayai mengi, na asali. Akayarudisha. Wakayaleta tena. Akayaacha yakaoza, na harufu ikawa mbaya, na Ngiri akaja kusema kwa upole kwamba ni dhambi chakula kuharibika. Tuli alikuwa na njaa. Mama akampa mtoto ale, na mwisho naye akala.

Masika yakarudi, maana masika hurudi. Chwa chwa chwa. Bi Digidigi akaipasha ngozi, akaipasha tena, akagonga.

Bu.

Wote walikuwa wamesimama pale, mvua inawanyeshea. Kisha Ngiri, mkia juu, akamsukuma mtoto wake wa mwisho mbele kwa pua, taratibu, na mtoto akasimama mbele ya ngoma bila kuuliza kitu.

Bi Digidigi akasema, mrudishe. Ngiri hakusogea. Akasema kwa sauti, mrudisheni mtoto nyumbani, sijaomba mtu. Hawakusogea. Walikuwa wamekaza wote, Kanga, Nguchiro, wote, wakimtazama na kungoja, na akaona kwamba watasimama hivyo hadi waanguke.

Akageuka amtafute Tuli, amshike mkono, waondoke bonde lile.

Tuli alikuwa nyuma yake. Alikuwa ameleta kisu. Hakuna aliyemtuma.

Na mafundisho ya ngano hii, wanangu, ni haya. Mkanda mpya uanikwe kwanza kabla haujavaliwa. Mwenye tumbo kubwa aridhike nalo. Na watoto wema ni wale wanaoona wenyewe mzazi anahitaji nini, wakamletea bila kutumwa.

Nilipita pale nikawaacha mvuani, nikaja zangu kwenu kutafuta uji. Ngano yangu nimeitua hapa. Anayetaka kuibeba aibebe, mimi mabega yananiuma.